Njia ya Miguu na Mwenye Kuitunza: Haki ya Kupita katika Nchi ya Kabondo-Dianda

Msafiri atokaye Lubumbashi kwa gari-moshi kuelekea Kamina, akisha kulivuka daraja la Lualaba pale Bukama, hufika katika kituo cha Kabondo-Dianda. (Jina hili lisichanganywe na Kabongo, makao ya mojawapo ya nasaba mbili za kifalme za Waluba, yaliyoko kaskazini zaidi.) Reli ipitayo hapo imeandikiwa mengi: kampuni iliyoijenga, shaba iliyobebwa, mfalme aliyeizindua. Lakini mtu akiigeuzia reli mgongo ataona historia nyingine ambayo haikuandikwa. Ataona vijia vyembamba vya udongo mwekundu vinavyotoka msituni na mabwawani, na watu wakija kwa mstari mmoja na samaki wakavu, mihogo, mahindi na makaa, wengine kichwani, wengine kwa baiskeli zinazosukumwa badala ya kupandwa. Bila vijia hivyo kituo kisingekuwa na cha kupakia.

Makala haya yanauliza swali moja: katika nchi hii, tangu zamani, nani alikuwa na haki ya kupita katika njia ya miguu, na nani alipaswa kuifyeka? Maswali hayo mawili kwa kweli ni swali moja, na hilo ndilo nitakalojaribu kuonyesha. Haki ya kupita na wajibu wa kutunza zilizaliwa pamoja. Zilitenganishwa katika karne ya ishirini. Na kutengana huko ndiko kulikoiacha njia ya miguu bila mwenyewe mpaka leo.

Maneno

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno njia ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Kiluba cha Kasai kina njila, Kibemba kina inshila, Kikongo kina nzila, Kilingala kina nzela; Kiswahili, kama ilivyo desturi yake, kimeidondosha l na kubaki na njia. Waluba wa Katanga, ambao ndio wenyeji wa Kabondo-Dianda, wana neno jingine, dishinda, wingi mashinda. Kijana wa huko hulitumia dishinda akizungumza na bibi yake na njia akizungumza na mwenzake sokoni, wala haoni shida.

Neno barabara lina safari ya ajabu zaidi. Katika Kiajemi barabar maana yake ni sawa, isiyopinda wala kupanda. Inaelekea ndilo tulilonalo tunaposema jambo limefanywa barabara, na ndilo lililoitwa njia pana iliyosawazishwa. Kutoka pwani liliingia Kongo kwa Kiswahili cha misafara, likafika hata Kilingala, ambamo balabala ni mtaa wa mjini. Yaani mkazi wa Kinshasa ambaye hajui Kiswahili hata kidogo hutembea kila siku juu ya neno la Kiswahili. Tofauti ya maneno haya mawili tuikumbuke, maana itaturudia: njia hukanyagwa ikawa, barabara hutengenezwa kwa amri.

Neno la tatu ni hongo. Katika karne ya kumi na tisa hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ya nguo, shanga au waya ambayo msafara ulimpa mtawala wa nchi ili upite. Burton na Stanley walilalamika juu ya hongo ya Ugogo kwa kurasa nyingi, kama kwamba Wagogo walikuwa wanyang'anyi wa njiani. Hawakutaka kuona kwamba aliyelipwa hongo alichukua dhamana: visima kufunguliwa, chakula kuuzwa, msafara kutoshambuliwa. Kwamba neno hilo leo maana yake ni rushwa tu, nadhani, ni ushahidi wa kihistoria. Malipo yalibaki, dhamana ikaondoka.

Njia kabla ya reli

Bonde la Upemba, lenye maziwa ya Kisale na Upemba na mabwawa ya Lualaba, ni mojawapo ya sehemu za Afrika ya Kati zilizochimbwa zaidi na wataalamu wa mambo ya kale. Nenquin alianza pale Sanga mwaka 1957, Hiernaux akaendelea mwaka 1958, kisha Pierre de Maret akafanya kazi kubwa kuanzia miaka ya 1970. Makaburi ya kipindi kiitwacho cha Kisale, kilichofikia kilele chake kati ya karne ya 11 na ya 13, yana vitu vingi vya shaba. Bondeni hakuna shaba. Machimbo yako kusini, zaidi ya kilomita mia mbili, na hakuna mto uendao huko kwa namna ya kumfaa mwenye mtumbwi siku zote. Kwa hiyo kila bangili na kila msalaba mdogo wa shaba uliozikwa na marehemu ulibebwa na binadamu juu ya njia ya miguu. Katika baadhi ya makaburi kuna kauri, na kauri ni za Bahari ya Hindi. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyetembea kutoka pwani hadi Sanga. Tunasema njia zilishikana, kijiji kwa kijiji, bila kukatika.

Baadaye misalaba ya shaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, hata de Maret akaiona kuwa ni fedha. Samaki wakavu na mafuta ya mawese ya bondeni, chumvi ya visima vya kaskazini, shaba ya kusini, nguo za ukindu za Wasongye: biashara hii ndiyo iliyoulisha ufalme wa Waluba, kama alivyoeleza Thomas Reefe katika kitabu chake cha mwaka 1981. Hakukuwa na punda wala gurudumu. Kulikuwa na njia.

Na njia hizo zilikuwa na kumbukumbu. Chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake walikuwa walinzi wa historia ya ufalme, kilitumia lukasa: ubao wa kutosha mkononi, uliopambwa kwa shanga, kauri na michoro. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto, akagusa shanga kwa kidole cha mkono wa kulia, huku akisimulia. Shanga moja kubwa huweza kuwa mfalme au makao yake. Mstari wa shanga ndogo huweza kuwa safari, yaani njia kutoka mahali fulani mpaka mahali fulani. Wanahistoria wa sanaa wameustaajabia ubao huu kwa uzuri wake. Mimi ningependa tuutazame pia kama daftari. Nchi iliyoweka safari za wafalme wake kwenye shanga ni nchi iliyojua kwamba njia ni hati: yeye aliyepita wa kwanza, na mahali alipolala, ndiyo hoja ya kudai ardhi.

Kwamba kupita kulitaka idhini tunalijua kwa mgeni aliyenyimwa. Verney Lovett Cameron aliachana na Tippu Tip mwaka 1874, akafika Kilemba kwa mfalme Kasongo Kalombo, ambako alimkuta mfanyabiashara Juma Merikani. Alikaa huko miezi mingi kuliko alivyotaka. Alitamani kufika Ziwa Kisale, asiruhusiwe. Katika kitabu chake analalamika juu ya ukaidi wa mfalme, nasi twaweza kumwonea huruma. Lakini ukaidi huo ulikuwa pia ni sheria. Njia ya mfalme haikuwa ya kila mwenye viatu.

Juu ya kazi yenyewe ya kutunza, tusiipambe. Katika nchi ya miombo njia hujisafisha kwa nyayo. Mvua huanza kama mwezi wa Oktoba; kufikia Februari nyasi zimempita mtu kimo, na njia isiyotembelewa hupotea kwa msimu mmoja. Wakati wa kiangazi moto huzichoma nyasi, na njia huonekana tena kama mshono. Mti ukianguka, wapitao huuzunguka, na mzunguko huo hubaki hata mti ukisha kuoza. Ndiyo maana vijia vyetu hupinda mahali ambapo macho hayaoni sababu. Henry Drummond, aliyetembea kati ya Nyasa na Tanganyika mwaka 1883, aliliona jambo hili na kulitolea maelezo mazuri katika Tropical Africa (1888): bara zima limefunikwa na mtandao wa vijia vyembamba, na vyote vinashikana. Kilichohitaji mkono wa mtu ni maeneo machache: kivuko cha mto, daraja la magogo ya mubanga ambao hauozi upesi, kinamasi cha mafunjo, mteremko unaomomonyoka. Hapo kijiji kilichokuwa karibu kilifanya kazi, nacho ndicho kilichonufaika kwa wapitao: waliuziwa chakula, walitoa habari, walilipa mvushaji. Wajibu na faida vilikuwa katika mkono uleule.

Reli, barabara, na siku 60

Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Kati ya 1923 na 1928 iliendelezwa mpaka Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati ule, mwendo wa yapata kilomita 1,100, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaja kuizindua. Kabondo-Dianda ikawa kituo. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii kukawa na njia ambayo wenyeji waliweza kuilipia kupita lakini hawakuweza kuizuia, kuihamisha, wala kuifanya yao.

Hata hivyo si reli iliyoubadilisha wajibu. Ni barabara. Serikali ya kikoloni ilitaka vijiji viwe kando ya barabara ili vihesabiwe, vitibiwe malale na vitozwe kodi. Vijiji vingi vikahamishwa, na vijia vilivyoviunganisha huko nyuma vikaachiwa nyasi. Amri ya mwaka 1910 ilikuwa imekwisha kumfanya chifu kuwa mtumishi wa serikali. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaweka kazi za lazima za mpaka siku 60 kwa mwaka, zikiwamo mazao ya lazima pamoja na kazi za njia na madaraja ndani ya uchifu. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku zikapandishwa hadi 120. Mtu na asimame kidogo hapa: siku 120 ni thuluthi ya mwaka, na mwaka wa mkulima hauna siku za bure.

Barabara kubwa ziligawanywa vipande, kila kipande kikapewa wafanyakazi wa kijijini, ambao kwa Kifaransa waliitwa cantonnier: kufyeka kando, kuchimba mitaro, kujaza mashimo kwa udongo na kokoto. Kama ufundi, utaratibu huo ulikuwa mzuri, na wazee wengi nchini Kongo huukumbuka kwa majonzi wanapozitazama barabara za sasa. Ni kweli barabara zilipitika. Lakini ni lazima kuuliza zilipitika kwa nani. Aliyefyeka hakuwa na motokaa, na chifu aliyesimamia hakuuogopa mvua bali mkaguzi. Kazi ya njia, ambayo ilikuwa ya manufaa ya kijiji chenyewe, ikawa adhabu. Na mahali ambapo mtu ameadhibiwa hapapendi.

Mwaka 1939 likaongezwa jambo la tatu, nalo ni Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyotangazwa tarehe 15 Mei. Mkataba wa London wa mwaka 1933 juu ya wanyama na mimea ya Afrika ulikuwa umeeleza hifadhi kamili kuwa ni mahali ambapo hairuhusiwi kuingia, kukatiza wala kupiga kambi bila kibali maalumu cha maandishi. Angalia neno kukatiza. Kwa mtaalamu wa Brussels lilihusu wawindaji. Kwa mvuvi wa bondeni lilihusu njia ya kwenda kwa shemeji yake. Mipaka ya hifadhi ilipunguzwa baadaye, na leo hifadhi hiyo inahitaji ulinzi kwelikweli. Siitetei haki ya jangili. Nasema tu kwamba njia zilizokuwa za watu ziligeuka kuwa kosa bila mtu yeyote kuandika orodha ya zilizofungwa.

Aliyekuja kufungua barabara

Uhuru ulipofika mwaka 1960, chuki iliyorundikana ilionekana njiani. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Tshombe, Waluba wa kaskazini wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe waliupinga utengano huo, na vijana wao walipigana kwa silaha waliyoijua vizuri: walikata miti wakaiangusha barabarani, walichimba mahandaki, walibomoa madaraja. Kwa miaka mingi baba zao walikuwa wamezifukia barabara hizo mashimo. Sasa wana wao wakayachimba.

Tukio la huzuni kuliko yote halikutokea Bukama bali mbali kaskazini-mashariki, karibu na Niemba, katika nchi ya Waluba vilevile. Tarehe 8 Novemba 1960 kikosi cha askari 11 wa Ayalandi, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, kilitoka kukagua barabara iliyozibwa na daraja lililovunjwa. Walishambuliwa kwa mishale, tisa wakafa. Vitabu husema kwamba Waluba waliwadhania askari wa Tshombe au Wabelgiji, na huenda ndivyo. Lakini kuna maelezo ya pili yasiyopingana na hayo: kwa watu waliokuwa wakijificha, mtu anayekuja kufungua barabara hawezi kuwa rafiki, maana kwa barabara iliyo wazi ndiko wanakokuja wachomaji wa vijiji. Wenyeji wenyewe walikwenda kwa vijia. Kijia hakikuzibwa.

Jambo hilohilo lilirudi kati ya 2003 na 2006, wakati wa vita vya Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga katika eneo la Mitwaba na pande za Upemba, mpaka alipojisalimisha pale Mitwaba mwezi Mei 2006. Watu walikimbilia mabwawani na visiwani kwa vijia na kwa mitumbwi. Katika nchi hii njia ya miguu imekuwa njia ya soko wakati wa amani na njia ya uhai wakati wa vita, na katika hali zote mbili serikali haikuwa na habari nayo.

Kilomita zisizohesabiwa

Hapa tunafika kwenye hesabu. Kwa takwimu rasmi zilizorudiwa kwa muda mrefu, mtandao wa barabara wa Kongo una kilomita 152,400: barabara za manufaa ya jumla 58,129, zilizo chini ya Office des Routes iliyoundwa mwaka 1971, barabara za mijini 7,400, na barabara za vijijini za kutolea mazao 86,871. Makundi ni matatu. Njia ya miguu si kundi. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara ulioundwa mwaka 2008 hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwenye mafuta ya magari, na mwenye kutembea kwa miguu hanunui mafuta.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya dola. Mwenye kiwanja kilichozungukwa na viwanja vya wengine hupewa haki ya kupita. Lakini hiyo ni haki ya kiwanja kwa kiwanja, si haki ya umma kupita palepale walipopita babu zao. Ardhi zinazokaliwa na jumuiya za vijijini zilingojea amri ya Rais ya kuzifafanua, na zikaingojea kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mtu akipewa shamba kubwa lenye hati, na njia ya kwenda kituoni ikawa ndani yake, wanakijiji watajitetea kwa nini? Huko Uingereza, ambako matajiri waliziba vijia kwa ua na kuta, sheria ya mwaka 1932 ilikubali kwamba njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa ni ya umma, na sheria ya mwaka 1949 ikaziamuru halmashauri kuzichora njia hizo kwenye ramani zenye nguvu ya kisheria. Wala kazi hiyo haikuisha. Sisemi tuige sheria za watu. Nasema wao walilazimika kuandika kile ambacho Mbudye waliweka kwenye shanga, na sisi tumeacha shanga bila kushika kalamu.

Kuhusu matengenezo, mara nyingi husikika kwamba wanavijiji wa leo ni wavivu, hawatoki kufyeka mpaka mradi uje na posho. Tuhuma hii haina historia ndani yake. Baada ya siku 60 na siku 120 ilikuja salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima ya kila wiki iliyopambwa kwa nyimbo. Kamati za kijiji za matengenezo zilizoundwa baadaye kwa ajili ya barabara za mazao ni wazo zuri, lakini zinaomba kwa upole kile ambacho kwa vizazi vitatu kilidaiwa kwa nguvu. Anayeombwa ana haki ya kuuliza faida itamrudia nani.

Na kazi yenyewe si kubwa. Adui mkuu wa kijia siku hizi ni gurudumu la baiskeli yenye gunia la makaa. Huchora mfereji mwembamba, mvua ya Januari huufuata, na baada ya misimu michache mfereji ni korongo. Watu hufungua kijia cha pili kando, kisha cha tatu, wakiingia shamba la mtu, na hapo ndipo ugomvi huanza. Mitaro michache ya kuyatoa maji pembeni, iliyochimbwa kwa jembe kabla ya Oktoba, ingezuia mengi. Magogo mawili juu ya kijito, badala ya moja, humwezesha mama mjamzito kufika zahanati wakati wa masika. Kazi kama hizo vijiji vilizifanya bila amri ya mtu, pale ambapo kijiji kilijua kwamba njia ni yake.

Kwa wanafunzi wetu wanaotoka pande hizo ningependa kutoa kazi moja, kabla wazee hawajatutoka. Kila kijia kiingiacho kituo cha Kabondo-Dianda kina jina, au kilikuwa nalo: jina la kivuko, la mti, la mtu aliyekilima cha kwanza. Waende nacho mpaka mwisho, kwa miguu, pamoja na mtu aliyezaliwa huko. Waandike jina kwa Kiluba na kwa Kiswahili, mahali kinapopita, kijiji kilichokuwa kikikifyeka, na mwaka kilipoachwa kufyekwa kama kimeachwa. Waulize pia kinapita sasa kwenye ardhi ya nani, na mwenye ardhi anasemaje.